Kosa Namba 200

Mpwa wangu ana shahada ya takwimu. Programu yake ya R ikimfia katikati ya kazi, anazima kompyuta, anaiwasha, anaomba Mungu. Juzi nilimwambia apunguze msimbo kidogo kidogo mpaka ubaki mstari unaoiua. Alinitazama kana kwamba namfundisha kupekecha moto.

Sisi mbinu hiyo tulijifunzia kwenye madodoso ya mpunga ya Milepa, bondeni Rukwa. Yalipanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa ndani ya viroba, juu ya lori, yakafika Sumbawanga yakinuka samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Ilikuwa 1998, baada ya Elinino. Mke wangu anasema 1999. Haya, iwe 1999.

Tuliyaingiza dukani kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga chapa na kudurufu. Kompyuta yake ya 386 aliifunika kitambaa cha kufuma, disketi akazitunza kwenye kopo la biskuti, na hukugusa kibodi kabla hajakukagua vidole. Programu ya kujumlisha, iliyoandikwa kwa Turbo Pascal, ilichukua nusu siku, lakini ilimaliza.

Kisha akanunua Pentium II. Programu ile ile ikafa hata menyu haijatokea: Runtime error 200.

"Mwanangu, karatasi zako zina vumbi la bondeni," akasema mzee, wala hakuwa anatania.

Tukabakiza data za kaya moja: ikafa. Faili tupu: ikafa. Tukafuta majedwali, tukafuta usomaji wa faili, mpaka ikabaki programu isiyofanya lolote ila kuita maktaba ya Crt, kuanza na kuisha. Ikafa. Milepa haikuwa na hatia. Crt, kila inapoamka, huhesabu mashine inazunguka mara ngapi ndani ya milisekunde 55, kisha hugawanya kwa 55. Jibu likizidi 65,535 halina pa kukaa, na prosesa hupiga kelele ile ile ya kugawanya kwa sifuri. Ubaya wa mashine mpya ulikuwa mbio zake tu. Hata Epi Info ya enzi za DOS ilisukwa kwa lugha hiyo hiyo.

Kiraka kilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, disketi ndani ya bahasha. Mzee akakinakili, akaanza kukiuza.

Baadaye ikaja Windows, zikaja kompyuta mpakato, viroba vikatoweka. Sensa ya 2022 ikafanywa kwa vishikwambi. Siku hizi programu ikizima unaambiwa usasishe, na ikipona hakuna anayeuliza ilikuwa inaumwa nini. Mimi huuliza. Ofisini wananiona msumbufu.