Barafu ya Ladoga

Mjukuu wangu, mimi ni mtoto wa Musoma. Nimekulia kwenye harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, ndiyo maana nilipofika Leningrad kusoma, mwaka 1974, nilidhani habari za maziwa nazijua zote. Ladoga ndilo ziwa kubwa kuliko yote Ulaya, kama kilomita za mraba 17,700. Nyanza yetu inalizidi karibu mara nne. Lakini Nyanza haijapata kubeba lori mgongoni.

Masika ya kwanza kule, tukiwa tumekwisha kuvua makoti mazito, baridi ilirudi ghafla. Mto Neva, unaotoka Ladoga na kukata mjini hadi baharini, ulikuwa unateremsha barafu ya ziwa, mapande yakigongana chini ya madaraja kama vyungu vinavyovunjika. Siku hizo hizo mitaa ilinuka matango mabichi. Kumbe ni samaki! Koryushka, mwembamba, mweupe kama fedha, hupanda mto kutaga. Nauli ya tramu ilikuwa kopeki 3, nami nilishuka kabla ya kituo changu ili nipite kwa wauzaji, niinuse harufu ile.

Ziwa lenyewe nilionyeshwa na bibi mmoja mshika funguo wa bweni letu, mama wa uso mkavu na macho mapole. Tulipanda treni kituo kile alichoshukia Lenin mwaka 1917, tukafika Osinovets, weupe mtupu hadi upeo wa macho. Akanyoosha mkono: pale. Wajerumani walipouzingira mji, Septemba 1941, ilibaki njia ya ziwa, na maji yalipoganda Novemba, farasi walitangulia na sleji, kisha yakafuata malori ya tani moja na nusu, safari ya kama kilomita 30 hadi Kobona, madereva wakiacha milango wazi ili waruke barafu ikipasuka. Unga uliingia, watoto wakatoka. Yeye alitolewa Februari 1942, ana miaka tisa, amefunikwa turubai. Mama yake hakuwahi kuvuka.

Kisha akatoa mkate mweusi mfukoni, akakata kipande, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa chepesi, hakizidi upana wa vidole vyangu. Gramu 125, akasema. Ndio uliokuwa mgao wa mtoto kwa siku nzima, Desemba ile, na mkate wenyewe umechanganywa na visivyo unga.

Siku hizi mji unaitwa St. Petersburg. Ukijaliwa kufika, mjukuu wangu, na mzee wa kule akakukaribisha mezani, usibakize mkate.