Mwalimu wa Sayansi Akipewa Shule



Mwalimu wa sayansi akifanya kazi vizuri, hupewa cheti cha sifa. Haupiti muda mrefu, huteuliwa kuwa mkuu wa shule. Kijiji kizima hufurahi. Lakini wewe mzazi, je, umejiuliza nani atafundisha fizikia Jumatatu?

Sisi mabwana shamba tunalijua jambo hili. Mwenzetu anayejua sana mtama na alizeti huitwa wilayani, akapewa meza na mafaili. Wakulima wake humngoja msimu mzima. Si vibaya mtu kupanda cheo. Ana watoto, anahitaji nyongeza ya mshahara. Tatizo ni kazi anayoiacha nyuma.

Nitakupa habari ya Kenya. Mwaka 2019, mjini Dubai, mwalimu Peter Tabichi alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Tuzo hiyo ilikuwa dola milioni 1 za Kimarekani. Tabichi ni mtawa wa Kifransisko. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro. Huko mvua ni haba na njaa hutokea, kama huku kwetu. Katika kila shilingi 100 za mshahara wake, alitoa 80 kuwasaidia maskini. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Hata hivyo wanafunzi wake walishindana na shule kubwa katika maonyesho ya sayansi.

Mimi nilipenda zaidi kazi aliyoifanya nje ya darasa. Aliwatembelea wazazi nyumbani ili watoto wasiache shule. Alianzisha kikundi cha amani kwa wanafunzi wa makabila mbalimbali. Aliwafundisha wanakijiji kilimo cha kukabili ukame. Huo wote ni uongozi, na aliufanya akiwa mwalimu wa darasani. Baada ya tuzo alirudi kwa wanafunzi wake.

Sasa sikiliza habari ya kwetu Tanzania. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alisoma Magamba, Lushoto. Akitengeneza aiskrimu, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amekosea. Baadaye alisoma Mkwawa, Iringa. Mkuu wa shule hiyo alimwalika Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aje kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza swali lake lile lile. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka; alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 waliandika pamoja habari hiyo katika jarida la fizikia, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu yake. Mkuu wa shule hakufanya jaribio lolote. Alimwalika mgeni tu.

Kwa hiyo mkuu wa shule anaweza kuisaidia sayansi hata akiwa ofisini. Yeye ndiye anayepanga fedha za ruzuku zinunue nini. Aliyefundisha kemia anajua kwamba bila dawa za majaribio mtoto atakariri tu, na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne utamshinda.

Hapa Dodoma wazazi wengi tulibeba mawe na mchanga. Miaka ya 2014 na 2015 wananchi walichangia maabara, yaani vyumba vya majaribio ya sayansi, katika shule za kata. Vyumba hivyo ni jasho letu. Tunayo haki ya kuuliza vinatumikaje.

Katika kata moja ninayofanyia kazi, mwalimu wa fizikia aliteuliwa kuwa mkuu wa shule. Mama mmoja, mkulima wa karanga, alisimama kwenye mkutano wa wazazi. Alisema, "Mwalimu, tunakupongeza. Maksai wa mbele anaongoza, lakini na yeye anavuta jembe. Wewe utavuta lipi?"

Watu walicheka, ila mwalimu alijibu. Atabaki na vipindi vya kidato cha nne, asubuhi, kabla ya barua na wageni. Ufunguo wa maabara utakaa kwa mwalimu wa kemia, si ofisini. Tena aliahidi kuiandikia halmashauri aletwe mwalimu mwingine wa fizikia.

Barua ilikwenda. Vipindi vya kidato cha nne vinaendelea. Mwalimu mpya bado hajafika, na kidato cha pili hawana fizikia. Mkutano ujao wa wazazi ni baada ya mavuno. Mama yule amesema atasimama tena.