Jedwali Lililonisuta

Kwa miaka mingi nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, ratiba ya mazoezi ya kufundisha niliipanga peke yangu, usiku, kwa penseli na ufutio juu ya karatasi ya manila. Wakufunzi waliikuta asubuhi kwenye ubao wa matangazo, imekwisha kugongwa muhuri. Niliamini kuwa huo ndio uongozi.

Mwaka 2007, kompyuta zilipofika chuoni kwetu, mkufunzi mmoja kijana aliniomba ratiba za miaka mitatu aziingize katika programu ya majedwali. Nikampa, nikidhani anataka kujifunza kupiga chapa. Kumbe programu hizo ni za kuhesabia. Dan Bricklin wa Marekani, mmoja wa waliotengeneza VisiCalc iliyotoka mwaka 1979, alipata wazo lake akiwa mwanafunzi, akimtazama profesa akifuta na kuandika upya hesabu ubaoni. Mwalimu yeyote anaijua adha hiyo. Katika jedwali la kompyuta, ukibadilisha tarakimu moja, zote zinazoitegemea hujirekebisha zenyewe.

Katika kikao, kijana yule alituonyesha kazi yake: majina ya wakufunzi kushoto, wiki juu, na mwishoni jumla ya safari za shule za mbali. Jumla zote zilikaribiana isipokuwa moja. Mama mmoja, mkufunzi wa Hisabati, alikuwa amepelekwa huko kuliko wenzake wote, miaka mitatu mfululizo. Chumba kikawa kimya. Sikukusudia kumwonea, nilimpanga huko kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika.

"Mwalimu, mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Mkuu, ningesema lini?" akajibu kwa upole. "Ratiba ilitufikia ikiwa na muhuri."

Tangu siku ile tulipanga pamoja, jedwali likiwa mbele yetu, kila mmoja akieleza udhuru wake: mwenye mgonjwa, mwenye mtoto mchanga. Vikao vilirefuka, lakini manung'uniko yalipungua.

Siku hizi watu huweza kuandika katika jedwali moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mahali pake. Ni jambo jema. Hata hivyo, kompyuta haikunifundisha huruma. Ilijumlisha tu yale niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ndugu msomaji, ikiwa unaongoza watu, wafungulie jedwali kabla hujaushika muhuri.