Niletee Upinde wa Kuwindia

Waliopangiwa BTP mjini walirudi na stori za foleni na nauli. Mimi nilipangiwa sekondari moja upande wa Mang'ola, wilaya ya Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, kufundisha Fizikia. Kabla sijaondoka, jamaa mmoja wa hosteli ya jirani akanirushia elfu arobaini kwenye simu na ujumbe: niletee upinde wa kuwindia, wa kweli bana, siyo wa kutundika ukutani. Chini yake swali: achukue mrefu ulionyooka, au ule wa ncha zilizokunjwa kwenda mbele kama anaouona kwenye video za Wamarekani wanaowinda paa?

Swali lenyewe ni fizikia kabisa. Upinde ni springi. Ukivuta kamba unaweka nishati kwenye mti, ukiachia mti unaikabidhi kwa mshale. Wa ncha zilizokunjwa unakuwa mgumu mapema tangu unapoanza kuvuta, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mwisho unabeba nishati zaidi, tena unaweza kuwa mfupi. Wapiganaji wa farasi kwenye nyika za Asia waliupenda kwa sababu hiyo. Ila wao waliuunda kwa mti, pembe na kano zilizoshikwa na gundi ya wanyama, kazi ya muda mrefu sana, na gundi hiyo unyevu huiharibu. Waingereza walibaki na mti mmoja mrefu. Meli yao ya vita Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikainuliwa 1982, na humo zilipatikana pinde zaidi ya 130, nyingi ndefu kuliko mtu mzima. Hizo lakini zilikuwa za vita, siyo za kuvizia mnyama kichakani.

Kwa karatasi, basi, ncha zilizokunjwa zinashinda. Mwanafunzi akiniandikia hivyo nampa alama zote.

Wahadzabe, ambao ndio wawindaji wa upande ule, wanatumia mti mmoja ulionyooka. Kamba ni kano ya mnyama iliyosokotwa. Siyo kwamba hawajui kitu. Nilikwenda kuuliza.

Jumamosi moja mwanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza alinipeleka kwa babu yake. Tulitembea kama saa tatu, mimi nikisimama kila baada ya muda kujifanya naangalia mandhari. Nikasalimia "Mtana" kama alivyonifundisha kijana njiani, nikaongeza shikamoo ya kwetu. Mzee akacheka, akaitikia zote mbili.

Alikuwa na pinde za aina mbili. Za kwanza zilikuwa nyembamba, zimepambwa kwa vipande vya ngozi na shanga, zimeegeshwa pale ambapo gari la wageni likisimama zinaonekana. Ya pili ilikuwa moja tu, imeegemea mti nyuma yake, nyeusi kwa mafuta, haina urembo hata wa dawa.

"Nani atauvuta?" aliniuliza.

"Rafiki yangu, mzee. Yuko Dar."

"Mkono wake ukoje?"

Nikaonyesha kwa kiganja mahali bega la jamaa linapofika. Akatikisa kichwa. Hilo halikuwa jibu.

"Anawinda nini?"

Hapo nikakwama, maana jamaa hawindi chochote zaidi ya chipsi mayai. Tena Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa, uwe umeshika bunduki au fimbo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 iko wazi. Mzee hakunihubiria sheria. Alinyoosha mkono akanipa mmoja wa zile za shanga. "Huu unamtosha."

Nikaomba nijaribu ule mweusi. Akasema wanawake wa kwao hawavuti upinde, wana miti yao ya kuchimbia mizizi, lakini mwalimu si mtu wa kukatazwa. Nikavuta. Kamba ikasogea kama kiganja kimoja, ikagoma. Vipimo vilivyowahi kuchukuliwa kwenye pinde za Wahadzabe vinafika kilo 30 hivi. Yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji, kwa vidole vya mkono mmoja, halafu utulie usitikisike wakati mnyama anageuza masikio.

Ndipo akanieleza anavyochagua, na hapa niliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Kwanza mti: anataka uliokua bila jicho la tawi katikati, kwa sababu jicho ndipo utakapovunjikia. Anauchonga kwa kisu, anaupitisha kwenye moto, anaupaka mafuta, anaukunja taratibu kwenye panda ya mti. Kisha anauvuta nusu na kutazama mikono miwili ya upinde: upande mmoja ukilala zaidi ya mwenzake, mshale utakwenda unakotaka wenyewe. Kisha anausikiliza. Upinde unaolia unamwamsha mnyama kabla mshale haujafika.

Na kabla ya yote, mshale. Kwa ndege na wanyama wadogo unatosha wa mti mtupu uliochongwa ncha. Kwa wakubwa zaidi kuna kigumba cha chuma, mara nyingi msumari uliopondwa. Kwa wakubwa kabisa kuna sumu ya miti, mmojawapo ule tunaouita waridi la jangwani. Hapo upinde haubebi kazi yote ya kuua. Kazi yake ni kupeleka kigumba ndani, na sumu inamalizia wakati mwindaji anafuata damu. Hili kwenye karatasi yangu ya nishati halikuwemo.

Nikamweleza ule wa ncha zilizokunjwa, nikamchorea mchangani. Alitazama kwa makini sana. Akauliza umeundwa kwa vitu vingapi. Nikasema vitatu, na gundi.

"Ukivunjika porini, atakwenda duka gani?"

Wake ukivunjika asubuhi, anakata mti mwingine siku hiyohiyo. Mimi sina hoja ya kumjibu hapo mpaka leo, na nadhani anayenunua upinde kwa kuangalia video hajawahi kuulizwa swali hilo.

Jamaa nilimrudishia hela yake ikiwa pungufu ya makato. Alininunia siku mbili.

Kilichobaki kunikaa kichwani ni kijana. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa bado mdogo sana, miaka mitatu au minne, na kadiri mkono unavyokua anatengenezewa mwingine mgumu kidogo. Upinde na bega vinapanda pamoja. Huyu wangu alipelekwa bweni akiwa darasa la kwanza. Pinde zake ziliishia pale. "Huyu ndiye nisiyejua nimchagulie upi," mzee alisema, mbele yake. Wa rika lake hauvuti; anaouvuta ni wa kitoto.

Mimi nasomea ualimu. Nimefanya mitihani miwili kuhusu Elimu ya Kujitegemea ya 1967, nikaandika vizuri tu kwamba shule isimtenge mtoto na jamii yake. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mtoto niliyekuwa namfundisha kanuni ya Hooke kwa kutundika vijiwe kwenye springi, na anaijua kwa bega. Simwambii aache shule. Mashamba ya vitunguu yanasogea, mifugo inasogea, wanyama wanapungua. Wenzao wa Yaeda walianza kupata hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011, na kesho atahitajika mtu wa kuzisoma na kuzitetea. Lakini pia siwezi kusema hapotezi kitu.

Wiki ya mwisho tulichora kwa pamoja grafu ya upinde darasani. Akanirekebisha pale nilipoufanya mstari unyooke mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Madam, hii itakuja kwenye mtihani?" Nikamwambia hapana.

Babu yake alishamkatia mmoja, wa katikati, mgumu kuliko wa mtoto. Shule hairuhusu silaha, kwa hiyo uko nyumbani, haujafungwa kamba. Kijana amehesabu siku za likizo ya Juni. Anasema zikimtosha kufikisha kamba kifuani, babu atamkatia mwingine Desemba.