Spana Namba 13

Mpendwa, umewahi kumshuku mtu kwa kitu ulichokiweka mwenyewe?

Juzi spana yangu namba 13 ilipotea. Nikamwuliza kijana anayenisaidia hapa jua kali, na ile sauti haikuwa ya mchungaji. Hakujibu. Aligeuza mifuko ya suruali nje, wateja wakiona. Jioni nikaipata juu ya stendi ya tangi, pale nilipokaza nati Jumamosi.

Soma 2 Wafalme 6. Chuma cha shoka, tena la kuazima, kilipozama Yordani, Elisha hakuuliza nani amekipoteza. Aliuliza kimeangukia wapi.

Kesho asubuhi nitamwomba kijana msamaha mbele ya wateja, maana nilimwaibisha mbele yao. Niombee. Na wewe, nyumbani kwako nani bado anangoja umwambie uliipata?