Kimea kimoja, hopsi moja

Najua nimepotea. Niliahidi kueleza jinsi ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima mfumo, na bado nitaeleza, lakini jioni zangu za miezi hii zimeliwa na ndoo ya plastiki iliyo chini ya meza ninayofanyia kazi hapa Embu. Kila baada ya muda ndoo inatoa kiputo, blup, halafu inanyamaza. Ndani mna bia, lita tano. Siuzi, kwa hivyo msiniulize bei. Kuuza bila leseni ni kosa, na mimi nina kazi.

Mara ya kwanza nilipika bia kama nilivyokuwa nikiandika programu mwaka wa kwanza chuoni: nilitia kila kitu nilichosikia kinafaa. Kimea cha shayiri, kimea cha wimbi cha sokoni, sukari guru, asali, tangawizi, na hopsi juu yake. Siku kumi baadaye nikaonja. Dawa ya kikohozi iliyosahauliwa juani! Ningeweza kuvumilia ubaya huo kama ningejua umetoka wapi. Je, ni wimbi? Ni tangawizi? Ni sukari guru iliyochacha vibaya? Washukiwa sita na hakuna ushahidi. Nikamwaga yote kwenye migomba.

Watu wanaotengeneza bia nyumbani kule Marekani na Uingereza wana zoezi lao la kujifunzia: kimea cha aina moja, hopsi ya aina moja, maji na hamira, basi. Rangi na utamu ni vya kimea. Uchungu na sehemu kubwa ya harufu ni vya hopsi. Ukitaka kubadilisha, unabadilisha kitu kimoja tu kisha unaonja tena. Yeyote aliyewahi kusaka kosa kwenye programu ya mistari elfu kumi anajua raha ya kulisaka kwenye mistari minne. Nilikuwa na sababu nyingine pia ya kutaka vitu vinne tu, nitaifikia.

Kimea nilikipata bure. Mjomba wangu analima shayiri Timau, upande wa Meru, kule kwenye baridi ya Mlima Kenya ambako mashamba ya shayiri na ngano yanakwenda mpaka macho yachoke. Shayiri ya huko huuzwa kwa viwanda vya bia. Nilipomwambia nataka kilo tano alicheka. "Mpwa wangu, kilo tano hata kuku hawashibi."

Nilizikosha, nikaziloweka siku mbili huku nikimwaga maji kila baada ya saa nane ili punje zipumue. Halafu nikazitandaza juu ya gunia lenye unyevu, nikawa nazigeuza asubuhi na jioni. Siku ya tano vimizizi vilikuwa vimetoka na chipukizi, ndani ya ganda, lilikuwa limekaribia urefu wa punje yenyewe. Hapo ndipo pa kusimamisha. Nikazianika juu ya mabati siku mbili, nikamalizia kwenye oveni kwa moto mdogo, nikasugua vimizizi vikadondoka. (Onyo: usitumie mbegu za duka la pembejeo. Hizo hupakwa dawa.)

Kinachotokea ndani ya punje ni kizuri kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika. Punje ikipata maji inadhani wakati wa kuwa mmea umefika, basi inaunda vimeng'enya vya kuvunja wanga wake uwe sukari. Wewe unaikausha kabla haijala akiba yote. Siku ya kupika unaipondaponda, unailoweka kwenye maji ya nyuzi 65 kwa saa moja, na vile vimeng'enya vinaamka na kuendelea pale vilipoachia. Maji yakifika nyuzi 80 umeviua, na ulichonacho ni uji.

Hopsi ndiyo iliyonisumbua. Ni maua ya mmea unaotambaa, na mmea wenyewe unataka mchana mrefu, wa saa kumi na tano hivi, ndipo uzae vizuri. Sasa, ukitoka Embu kwenda Timau unapita Chuka, unavuka daraja la Nithi, unapita Nkubu, na kabla hujaingia mji wa Meru umeshavuka ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili, Januari mpaka Desemba. Hopsi hapa ni kama programu inayosubiri ishara ambayo haitakuja. Afrika Kusini, karibu na mji wa George, wanailima, tena wamezalisha aina zao wenyewe. Moja inaitwa Southern Promise. Rafiki yangu aliyekwenda Cape Town kikazi aliniletea gramu 100, nami nazitunza kwenye friza kama dhahabu. Lita tano zinataka gramu kumi hivi.

Kazi yake si uchungu peke yake. Ukiichemsha, asidi zake hubadilika, na zikishabadilika huwazuia bakteria wengi wanaoifanya bia kuwa chachu. Kuna jambo vitabu vya wazungu havikuniambia. Mji wa Embu uko mita 1,350 hivi juu ya bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 na ushei, si 100. Mabadiliko hayo yanakwenda polepole zaidi. Wao huchemsha dakika 60, mimi nachemsha 75.

Ile sababu nyingine sasa.

Baba mdogo haoni tangu Mei 2014. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Yeye alikuwa mtu wa keg. Senator ilianza 2004, ikapunguziwa ushuru makusudi ili wenye kipato kidogo waache pombe za vichochoroni, na mtama ukapata soko katika sehemu zetu za chini zenye ukame, Mbeere na Tharaka. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka. Baba mdogo akahamia kichupa cha bei nafuu. Mwenyewe anasema kilikuwa na kibandiko kizuri na kifuniko kilichofungwa, kitu cha dukani kabisa. Mwanzoni mwa Mei mwaka uliofuata zaidi ya watu 60 walikufa Embu, Kiambu, Kitui na Makueni kwa vileo vilivyotiwa methanoli. Yeye alikunywa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akalala. Alipoamka alimuuliza mama mdogo kwa nini hajafungua madirisha. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nimesoma mengi kuhusu methanoli tangu siku ile. Yenyewe inalevya kidogo tu, na ukionja huwezi kuitofautisha. Ini ndilo linaloigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na hiyo asidi inaharibu neva ya macho. Huchukua saa nyingi, nusu siku au zaidi, ndiyo maana mtu hulala mzima. Hospitali yenye dawa hutumia fomepizoli. Isipokuwepo, hutumia ethanoli, yaani kileo kile cha kawaida, kwa kuwa ini huishughulikia hiyo kwanza na methanoli ikapata muda wa kutoka mwilini. Watu watatu wameshaniuliza kama ndoo yangu inaweza kutoa methanoli. Nafaka ikichacha haitoi kiasi cha kumdhuru mtu. Huwa inatokana na pektini ya matunda, na hata huko ni chembe. Ile ya 2014 ni kemikali ya viwandani, na kuna mtu aliyeimimina kwa mkono wake.

Kwa hivyo mnaweza kuelewa kwa nini mama mdogo alinyanyuka na kutoka nje, bila neno, siku nilipoingia kwao na chupa. Sikuwa nimefikiria vizuri. Nilitaka tu kumwonyesha baba mdogo nilichotengeneza, kama nilivyokuwa nikimwonyesha redio nilizofungua nikiwa mdogo.

Aliishika chupa, akaibonyeza. (Natumia chupa za plastiki za soda. Ikijaa gesi inakuwa ngumu kama jiwe, unajua iko tayari bila kuifungua.)

"Umeweka nini humu?"

"Maji, shayiri, hopsi, hamira. Na sukari chini kidogo ya kijiko cha chai, ya kuleta gesi."

"Nani alikuuzia?"

"Hakuna. Shayiri ni ya mjomba, kimea nimefanya mwenyewe."

"Basi niletee nivishike."

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda nikavileta, kila kimoja kwenye mfuko wake. Kimea alikitafuna, akatafuna tena. Hopsi aliisugua kwenye viganja, akapiga chafya, akasema inanuka ganda la chungwa na majani yaliyofyekwa. Hamira aliijua, ni ile ya mandazi. Bia hakuigusa. Akasema, "Siku ya kupika unichukue."

Chupa ile, kusema kweli, hakupoteza kitu. Ilikuwa chungu ya siki. Lakini safari hii washukiwa walikuwa wanne, na watatu niliwaachilia haraka: maji yalikuwa yamechemshwa, hopsi nayo, kimea nacho. Hamira nilitoa kwenye pakiti mpya. Ikabaki njia ya katikati, kutoka sufuriani kwenda kwenye ndoo, na hapo nikakumbuka kwamba niliacha sufuria ipoe usiku kucha na kifuniko nusu wazi kwa sababu nililala. Nilirudia kila kitu vilevile, isipokuwa kupoza: sufuria ndani ya karai la maji baridi, nikibadilisha maji mpaka ikapoa chini ya saa moja. Siki ikaisha. Nawaambia, sijawahi kufunga kosa kazini kwa furaha kama ile.

Mpiko wa tatu baba mdogo alikuwepo. Nilimwekea kiti karibu na jiko. Niliona kama namfanyia hisani, kumbe nimepata kifaa cha kupimia. Povu la kimea likitaka kumwagika, mlio wa sufuria hubadilika kabla macho hayajaona kitu. Mimi nilikuwa natazama simu. "Inapanda," akasema, na nilipogeuka bado ilikuwa imetulia, nikafungua mdomo kumbishia, ikapanda. Tangu hapo kazi ya jiko ni yake. Mimi nasoma kipimajoto na kuandika.

Akiwa pale ndipo aliponieleza muratina ya nyanya, mama yake. Mimi nilikuwa naijua kama kitu cha ruracio tu. Ilikuwa na vitu vitatu: maji, asali (au maji ya miwa asali ikikosa), na tunda la mwegea ambalo ndilo linaloitwa muratina. Tunda lile hupasuliwa, huloweshwa kwenye pombe ili hamira ijishike kwenye nyuzi zake, kisha huanikwa na kuwekwa kwa ajili ya safari nyingine. Vipande vya nyanya vilitundikwa juu ya moto ndani ya kikapu, na aliviazima kwa majirani kama mtu anavyoazima mbegu. Sisi tunaita hiyo hifadhi ya msimbo. Na mgeni akija, anasema baba mdogo, nyanya alikunywa kwanza yeye mwenyewe mbele ya watu, ndipo akajaza kibuyu cha mgeni.

Kwenye daftari langu mpiko huo wa tatu ulianza haidromita ikisoma 1.036 na kuishia 1.008, yaani asilimia 3.7 hivi ya kileo. Rangi ya majani makavu. Ina harufu ya mkate kidogo kwa sababu ya hamira ya mandazi, ambayo pia haitulii chini vizuri, kwa hivyo imefifia kama maji ya mchele. Mpiko wa nne, huu ulio chini ya meza, nimebadilisha hamira tu.

Ijumaa iliyopita nilimpelekea chupa ya ule wa tatu. Mama mdogo alikuwepo na hakutoka. Baba mdogo akaniambia, "Kunywa wewe." Nikamimina, nikanywa glasi nzima wakinisikiliza, mmoja akitazama ukutani. Nikamuuliza kama nimmiminie.

"Nitakuuliza kesho," akasema.

Jumamosi simu ikalia. Nilikuwa bado kitandani. Saa nne kamili.

"Unaona?"

"Naona, baba."

Kimya. Nikasikia mama mdogo akisema kitu kwa mbali.

"Haya," akasema. "Jumapili ijayo lete moja. Mama yako mdogo anasema glasi iwe ndogo."

Hifadhidata nitaiandika wiki ijayo.