Kichwa na mabega kutoka kwa sarafu

Wachoraji wa bei za hisa wana umbo wanaloliita kichwa na mabega: vilele vitatu, cha katikati kikiwa kirefu zaidi. Bei ikishuka chini ya shingo, yaani mstari unaounganisha mabonde mawili, wao huuza.

Binamu yangu alitaka kucheza mchezo huu kwa pesa za karo. Nikaandika programu fupi inayorusha sarafu mara 500: upande mmoja bei inapanda shilingi moja, mwingine inashuka. Nikamwonyesha grafu bila kumwambia zimetoka wapi. Kwenye ya tatu akaona kichwa na mabega.

Si jambo jipya. Mwaka 1959 Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago alichora namba za kubahatisha, zikafanana na soko la hisa. Mwaka 2000 Andrew Lo na wenzake walitafuta maumbo haya kwa kompyuta katika hisa za Marekani za 1962 hadi 1996. Baadhi yalibeba habari kidogo, lakini habari si lazima iwe faida.

Kwa hivyo ukiona umbo, hesabu kwanza: limetokea mara ngapi, na baada yake bei ilienda wapi? Binamu bado anahesabu. Karo imelipwa.